Bibi Pipa, Fundi Aliyetufundisha Kutupa bila Kufuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa kitengo cha programu, ambaye jengo zima linamwita Bibi Pipa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, na hakuna hata mmoja wetu anayeifurahia sherehe hii ya kumuaga.

Jina hilo alilipata kwa jasho. Zamani, pipa la taka kwenye skrini za mfumo wetu lilipokea mafaili ya kompyuta yenyewe tu. Ukifuta faili kwenye flashi, umetupa jongoo na mti wake. Ndivyo dada wa mapokezi alivyoipoteza sauti iliyorekodiwa ya marehemu baba yake, akitafuta nafasi ya picha za harusi. Bibi Pipa alihangaika na ile flashi wiki nzima, akaambulia patupu. Dada wa mapokezi alilia pale kaunta huku wageni wakisubiri, na tangu siku hiyo Bibi Pipa hakutulia.

Mkuu wa kitengo wa wakati ule alimwambia kikaoni kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yeye akajibu kuwa basi tuweke beseni chini. Mkuu mwenyewe alicheka, na kazi ikaanza. Kila diski na kila flashi ikapata pipa lake. Kila faili likakumbuka lilikotoka, na mafaili mawili yenye jina moja yakaacha kumezana. Pipa halikujimwaga tena bila kuuliza.

Kisha akaligeukia neno. Kitufe kiliandikwa "Futa", naye akashikilia kuwa kilichotupwa huokotwa, ila kilichofutwa ndiyo basi tena. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na kwa ubishi hana mpinzani. Leo kitufe hicho kinasema "Tupa", na "Futa" imewekwa ndani kabisa, pamoja na onyo. Kando yake kipo kitufe anachokipenda kuliko vyote: "Rudisha Mahali Pake".

Mwaka jana alianza kusahau. Aliacha miwani ndani ya printa, akaingia ofisi isiyo yake, akatuita kwa majina ya watu waliokwisha kuhama. Tulimtania kwamba pipa lake limejaa, naye akacheka kutuzidi. Daktari alipoutaja ugonjwa, utani ule tukauacha. Tunaona uchungu kuliandika jambo hili hapa, lakini mwenyewe ametuomba tusilifiche.

Wiki iliyopita, akimkabidhi kazi mrithi wake, alilifungua pipa, akakitazama kile kitufe cha "Rudisha Mahali Pake" kwa muda, kisha akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi nzuri namna ile. Tukamwambia ni yeye. Alifurahi sana. Baada ya kitambo akauliza tena. Mumewe, aliyekuwa amekuja kumchukua, aligeukia dirishani.

Asante, dada yetu. Dada wa mapokezi anasema hajapoteza kitu tena tangu ulipoweka lile beseni. Nenda salama, upumzike, na siku zako ziwe nyepesi. Majina yetu yakikutoka, tutajitaja upya kila tutakapokuja kukuona. Na ukitaka kujua nani aliifanya ile kazi, uliza tu, hata mara mia. Ni wewe.