Marehemu Nipo, Mvuvi Aliyeitika Kila Alipoitwa

Ndugu, majirani na wavuvi wenzake, huyu tunayemlaza hapa alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa tatu wa mvuvi, katika nyumba iliyokuwa karibu na mto hata mafuriko yakawa kama jirani anayebisha hodi.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka huo kiboko alipindua mtumbwi wa baba yake, na baba hakurudi. Tangu hapo marehemu aliuogopa mto, wala hakuona haya kusema. Lakini kazi nyingine hakuipata. Alirithi wavu na kasia.

Mwaka 1988 alimwoa dada wa fundi mitumbwi. Bibi harusi alitoa sharti: "Nikikuita uitike. Usipoitika nakufuata humo humo majini, na kuogelea sijui." Basi mama huyu, mkewe, akawa anashona nyavu ukingoni, mara kwa mara anapaza sauti, "Baba weee!" Naye, "Nipo!" Wenzake walimcheka: "Bwana, hata mbuzi ana kamba ndefu kuliko yako!" Akacheka nao, na jina likamganda.

Samaki wa karibu na ukingo waliwalea watoto wanne, kwa taabu. Bei hakupanga yeye. Alipanga mchuuzi mwenye sanduku la barafu, kwa kuwa samaki na jua havingojani. Miaka hii ya karibuni wavu ulipanda na majani tu. Samaki wa maana walibaki kwenye kona ya viboko, ambako sauti ya mama haifiki. Marehemu alikataa kwenda, akakataa tena. Hadi jiko lilipolala baridi, akasema, "Mama watoto, leo napita kona."

Mama aliita mpaka sauti ikamkauka.

Wenzake walimrudisha mbavu zimevunjika, mtumbwi umepasuka. Hospitalini mama aliendelea kumwita, naye akaitika, kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, aliitwa, na kukawa kimya.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu watano. Mtoto wake mkubwa ameshauziba mtumbwi. "Mama, tutakula nini?" aliuliza jana. Mama hakumzuia. Alisema tu, "Nitakuita."

"Nitaitika, mama. Kona sipiti."

Hivyo ndivyo baba yake alivyosema miaka yote.

Pumzika kwa amani, Nipo. Mama akikuita kwa mazoea, usihangaike kuitika.