Bafu la Kitwana

Siku ile mjinga alikuwa Kitwana, na mpaka leo mwenyewe hakatai. Alipanda lori la Mlandizi na bafu la bati, na kwa kuwa nafasi haikuwapo, akaketi ndani yake kama liwali barazani.

Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka. Mzungu ambaye Kitwana alikuwa mpishi wake alifukuzwa kazi shambani, naye akamwachisha Kitwana, akampa bafu badala ya mshahara.

"Shikamoo, mama," Kitwana alimwamkia bibi aliyebanwa na ukingo wa bafu.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kuoga wapi?"

Lori zima likacheka. Kitwana naye akacheka, kisha akamweleza yote, pamoja na uwongo aliokwisha kuutunga: mkewe Tatu angeambiwa ni likizo tu.

"Likizo ya mpaka lini?"

"Mpaka mkonge upande bei. Mwanamume huficha shida, nyumba ikalala usingizi."

"Wangu alificha hivyo hivyo. Nikauza mbegu ya mpunga ninunue kanga, nikijua mshahara unakuja. Mvua iliponyesha, tukaikodolea macho."

"Sasa niingie nyumbani mikono mitupu?"

"Mitupu, na bafu lote hilo?"

Lori likasimama Mlandizi. Kitwana akajitwisha bafu lake, bado anabisha: "Tatu atanicheka, mama!"

"Mwache acheke. Akijua kweli, ataloweka mihogo humo, watoto wapate kula. Akigundua uwongo, atakuloweka wewe."