Fundi Upepo na Piano ya Karatasi

Wenzangu wapendwa, hamjambo? Naomba Mungu ukurasa huu uwakute wazima, kazini na nyumbani. Sisi wa ukumbini hatujambo, ila tumepoa kidogo. Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne, Fundi Upepo anastaafu.

Jina hilo kapewa na kazi. Piano yetu kuukuu hujipiga yenyewe kwa hewa: unakanyaga pedali, mivukuto inavuta hewa, karatasi yenye matundu inapita, na kila tundu linaamsha nyundo yake. Ndani mna mipira myembamba ya kupitishia hewa, themanini na minane, mmoja kwa kila sauti. Mmoja ukitoboka, sauti yake inakuwa bubu. Fundi huutafuta kwa shavu, akihisi hewa inapopenya, kama mama anayempima mwanawe homa.

Kukosea naye alikosea. Mwaka wake wa pili alibandika karatasi iliyochanika, akaigeuza bila kujua, na siku ile kulikuwa na harusi. Sauti nene zikatoka nyembamba, nyembamba zikatoka nene. Bwana harusi alicheza mpaka shati likalowa, na mama mkwe akaja kuulizia jina la wimbo. Fundi alimwambia ni mpya kabisa. Nadhani hakusema uongo.

Ilipoletwa piano ya kidijitali, ile ya sumaku za umeme inayoamriwa kwa simu, tulinong'ona kwamba mzee hapa atakwama. Aliimudu kwa wiki mbili, miwani puani. Aliyekwama ni mimi, mpokea wageni wenu. Kwenye sala ya wafanyakazi nilipiga magoti simu ikiwa mfukoni, na piano ikaanza rumba. Fundi akaitikia Amina kwa sauti kubwa ili kunisitiri. Sijamsahau kwa hilo.

Sasa Meneja amesema wazi: asipopatikana wa kuitunza ile kuukuu, mwisho wa Julai inakwenda stoo. Nikajitolea. Fundi amenifundisha miezi mitatu, na Jumanne iliyopita shavu langu mwenyewe lilipata mpira uliotoboka. Kumbe ilikuwa miwili. Wa pili bado unanichenga.

Fundi wetu, asante kwa subira yako. Mungu akujalie uzee wenye afya, wajukuu watiifu na usingizi mnono wa mchana. Ila kabla hujauzoea usingizi huo, utaweza kuja Jumanne mbili tu za Julai? Tafadhali nijibu mapema, Meneja keshauliza mkokoteni uko wapi.