Makala ya Mbegu Aliyoizuia Mwalimu Theonest

Septemba mwaka jana Idara ya Dini ya chuo chetu ilipoteza nafasi yake katika toleo maalumu la jarida la taaluma ya dini. Makala ilikuwa tayari. Aliyeizuia ni Mwalimu Theonest Bigirimana, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Wasifu wake hauwezi kuanzia mahali pengine.

Mwalimu Theonest ni mzaliwa wa Mabawe. Alianza kufundisha shule ya msingi huko Nyakahura, akajiendeleza, akafika chuoni idara ikiwa na walimu wawili na kabati lisilofunga. Leo tuko tisa, na sita kati yetu tulipita darasani kwake. Kabati bado halifungi.

Anajulikana kwa mkono wa kukata. Jarida likitaka maneno elfu nane, ukimpelekea elfu kumi na mbili atakurudishia elfu saba na mia tisa, na hutakumbuka kilichopungua. Ikisiri huiandika mwisho, kwa kuwa nyumba haipakwi rangi kabla ya kuezekwa. Tanbihi huziita magugu. Zangu aling'oa arobaini kwa mkupuo mmoja. Wiki ile alipata shikamoo tu kutoka kwangu, basi.

Ana sheria moja asiyoivunja: makala haiendi popote kabla hajarudi kuwasomea waliohojiwa, tena kwa Kihangaza, lugha yao. Majarida hayadai hivyo. Yeye anadai.

Sheria hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Makala yetu inahusu baraka ya mbegu katika kata ya Keza. Kabla ya msimu wa kupanda, wanajumuiya hupeleka mbegu kanisani zikabarikiwe, na baadhi ya familia, jioni ya kuamkia siku hiyo, huwamwagia mababu rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi. Jarida lilitaka wahojiwa wafichwe, hivyo Mwalimu akawapa wote kumi na wanne majina ya kubuni. Akasahau kwamba Keza hakuna jina lisilo na mwenyewe.

Siku ya kuwasomea, alipofika kwenye maneno ya "Rozalia" anayemwaga rubisi, katibu wa jumuiya alisimama, akamwamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, Rozalia ni mimi, na sijammwagia mtu pombe."

Watu walicheka. Aliyesema maneno yale kwenye mahojiano alicheka kuliko wote. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Rozalia aliulizwa, "Katibu, mababu wameshiba?" Baada ya wiki tatu za maswali hayo akaacha ukatibu.

Nilimwambia Mwalimu kwamba kubadili majina ni kazi ya nusu saa. Akanijibu, "Jina nitalibadili, Frida. Kile kicheko nitakifuta kwa kitu gani?" Akaiweka makala kwenye droo, na tarehe ya mwisho ikapita.

Jibu lake ni zuri, silikatai. Lakini mimi ndiye mwandishi mwenza, na bila makala hiyo sipandi daraja. Miaka minne nimesimama palepale. Sikufika chuoni kwa kubebwa. Nilijisomesha kwa kuuza maharage kwenye soko la Nyakahura, na sokoni mteja husema anachukua au anaacha.

Mwezi Mei nilipanda pikipiki nikaenda Keza. Rozalia alinipa kiti, akanisikiliza, akakubali makala ipelekwe kwa masharti mawili: majina ya kubuni yaondoke yote, na Mwalimu mwenyewe aje kuisoma upya mbele ya watu walewale. Majina nimeyaondoa. Sasa wapo mkulima wa kwanza hadi wa kumi na nne. Jarida linapokea tena mpaka tarehe 15 Julai, kwa saini za waandishi wote wawili. Nilipomweleza Mwalimu, alisema, "Tutaona, mwanangu." Hadi leo tunaona.

Mwalimu, umetufundisha kuandika kwa ufupi na kuwaheshimu tunaowaandika. Tunakushukuru kwa yote mawili. Nenda Mabawe salama, afya isikupungukie, na migomba ikutii kuliko tulivyokutii sisi.

Chakula ni saa saba. Rozalia yumo ukumbini, safu ya tatu, na watu wa Keza wamekaa nyuma yake. Makala iko mezani kwako. Kabla maji ya kunawa hayajapitishwa, tuambie: utawasomea na kutia saini, ndiyo au hapana?