Diski ya Bwana Kamaludin

Alasiri ile Bwana Kamaludin alikuja kijiweni na laptopu kwapani, akaiweka mapajani wala hakugusa kahawa. Kijiwe chetu cha Wiyoni ni baraza tu ya nyumba ya Fahmi, mwashi tunayemwita Futi, na wote tuliokaa pale tulijua mashine ile ni ya marehemu Bi Ruqaiya, mkewe Kamaludin. Miaka mingi Bi Ruqaiya alizunguka visiwani akikusanya nyimbo za harusi, akazichapa humo kwa herufi za Kiarabu, kwa programu inayokubali mfumo endeshi wa zamani tu. Sasa binti yao, Huwaida, amejifungua huko Maskati, na mfumo ule haupokei simu ya video. Tima, fundi wa kompyuta kule mjini Amu, alisema ziko ndia mbili: kufuta vyote na kuweka mfumo mpya, au kuigawa diski, mifumo yote miwili ikae humo.

— Kugawa si kazi, akasema Futi. Wapandisha kiambaza katikati. Lakini kiambaza chala nafasi, nyimbo zitabanwa.

Shukri, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akapinga.

— Zitaliwa. Mfumo mpya huja na njaa. Siku moja wafungua wimbo wa Siyu, wasikia taarifa ya habari.

— Na kiambaza kikipata ufa, akaongeza Futi, herufi zitavuja. Huwaida ataamka Maskati zimemjaa simuni.

Kamaludin aliwaacha wamalize.

— Humu muna nyimbo ambazo waimbaji wake wote wamekufa, akasema. Na mjukuu wangu bado sijamtia matoni, sijauona uso wake.

Kesho yake akenda kwa Tima. Tima alizinakili nyimbo kwanza, lakini kwenye mashine yake ya mfumo mpya zilifunguka vijisanduku vitupu. Basi akaigawa diski. Kioo kilipokuwa cheusi, Kamaludin alitoka akasimama mlangoni akisoma dua, hata akaitwa. Majina ya mifumo miwili yalikuwa yamejipanga kiooni, yakingoja achague.

Alichagua la zamani. Herufi zilikuwa pale pale, hata mstari ambao Bi Ruqaiya aliuacha nusu. Akazima, akawasha, akachagua jipya, na Huwaida akatokea na mtoto kifuani. Huwaida akaomba asomewe wimbo mmoja wa mama, ambembelezee mwanawe.

— Itanibidi nikuage kwanza, babake akamwambia.

Hayo alitusimulia mwenyewe barazani, na safari hii kahawa aliinywa. Futi akauliza unene wa kiambaza. Redio akataka kujua nani hulipa umeme wa upande upi. Kando yao alikaa Kipchumba, mwalimu mgeni aliyehamishiwa skuli ya jirani.

— Samahani, Bwana, akasema. Ukiwa upande wa mama, binti akipiga simu, utajuaje?

 

Kamaludin aliiwasha mashine mapajani mwake, na majina mawili yakaja. Tima alikuwa amemweleza kwamba asipochagua upesi, mashine hujichagulia yenyewe. Alinyanyua kidole, akakiweka juu ya jina la zamani, akakiondoa. Kidole kilikuwa bado hewani upande mpya ulipofunguka. Hakuuzima. Alikaa nao, sauti ameifungua mpaka mwisho, hata Magharibi ikaadhiniwa, na Maskati haikupiga.