Akishika Kitabu, Mtoto Anaumwa

Gizani, kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga taratibu huku mama kijana akidurusu kwa tochi ya simu. Kulipokucha alipanda basi na binti yake wa miaka minne, amwache kwa shangazi yake, kisha akafanye mtihani wa mwisho wa shule ya jioni.

Kiti cha mbele, kinyozi na fundi cherehani, waliojuana dakika ile ile, walikuwa wakibishania tamthilia ya jana.

"Dada yangu, yule mama kajitakia," alisema kinyozi. "Kamwacha mtoto, kakimbilia chuo. Si umeona homa ilivyompata?"

"Homa ya mwandishi hiyo, kaka! Mwanamke akishika kitabu tu, sehemu inayofuata mtoto yuko hospitali. Baba akisafiri miaka mitatu, mtoto hapigi hata chafya."

Abiria walicheka. Mama kijana hakucheka. Naye aliitazama sehemu ile, na tangu aamke alikuwa amempapasa bintiye paji la uso mara nne. Sasa akaanza kuwaza ashuke kituo kipi ili arudi nyumbani.

"Tamthilia zinafundisha," kinyozi alishikilia.

"Zinafundisha woga! Siku watakayoonyesha mama kafaulu na mtoto mzima wa afya, nanunua televisheni mpya."

Basi likasimama. Mtoto akapanda juu ya kiti, akamgusa kinyozi bega, akasema kwa sauti, "Mama yangu anasoma na mimi siumwi."