Namba Aliyoisuka Albertine

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama Albertine wa kijiji cha Wamaza, aliyezikwa Jumamosi. Mama Albertine, msukaji wa vifuniko vya chakula.

Wakati wa Wabelgiji, aliacha shule mwaka wa tatu. Baba alitaka mikono kwenye shamba la pamba. Kaka yake Grégoire akaendelea kusoma. Jioni Albertine alisuka, huku akimsumbua kwa maswali.

"Weye dada, kelele mingi," Grégoire alimwambia siku moja. "Gawanya milioni moja kwa saba. Ukimaliza, nitakupikia."

"Weye? Hata maji utaunguza!"

Albertine alichukua mkaa, akaandika kwenye mlango. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Ikabaki moja, kama mwanzoni. Akaizidisha namba ile mara mbili: mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Tarakimu zilezile, kwa mfuatano uleule, zimeanzia pengine tu. Mara tatu, vilevile. Akaisuka kuzunguka ukingo wa kifuniko: mstari mweusi mmoja, halafu minne, halafu miwili, mpaka duara likafunga.

Padri alikuwa ametangaza kwamba binti atakayeonyesha akili ya hesabu, masista wa Kasongo watamchukua shuleni kwao. Mkaguzi wa shule alipokuja kuchagua wanafunzi, Albertine aliona haya kuingia darasani.

"Nipe hiyo kifuniko," Grégoire akasema. "Jina yako nitaitaja."

Akampa. Akasimama nje, chini ya dirisha.

"Nani amevumbua hii?" mkaguzi aliuliza.

"Ni mimi, bwana. Dada yangu alisuka tu."

Alisuka tu. Wasikilizaji wapendwa, Albertine aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Grégoire akapelekwa Kasongo kwenye shule ya walimu, akawa mwalimu. Albertine akarudi kwenye pamba.

Régina, binti yake, anasimulia: "Mjomba alipohamia nyumba ya mabati, mama alimusukia kifuniko. Mistari tisa, tisa, tisa, pande zote. Mjomba akacheka: 'Hii haina hata pambo!' Mama akaaga, tukatoka. Njiani akaniambia: 'Ile namba, uizidishe mara mbili, mara tano, mara sita, inarudi yenyewe. Mara ya saba inakuwa tisa tupu. Hairudi tena.'"

Hakurudi tena kwa kaka yake.

Jumamosi, kaburini, mzee Grégoire alisimama na fimbo yake. Régina akamkazia macho.

"Dada yangu alikuwa na mikono mizuri," mzee akasema. "Ile hesabu nilivumbua mimi. Yeye aliisuka."

Régina akainama, akaweka juu ya udongo kifuniko alichoachiwa na mama yake. Moja, nne, mbili, nane, tano, saba.

Tunawapa pole Régina na jamaa wote wa Wamaza. Pole na kwako, mzee Grégoire, umefiwa na dada. Namba ile ilikuwa ya Albertine. Tunarudia: ya Albertine.

Nanyi wasikilizaji, mkikaa kula leo, mtazame aliyeketi karibu na mlango. Nyumbani kwenu, ni nani mnayesema alisuka tu?